Yule wa Koti la Njano

Mashine yangu ya gemu haisomi sidii mpaka uibinue. Tumbo juu, mgongo chini, halafu juu yake uweke kipande cha sabuni ya mche. Ukiweka kitu kizito kuliko hicho inakwaruza, ukiweka chepesi inazunguka bure kama mtu anayetafuta funguo gizani. Kila anayeingia kwangu akaiona ananiambia, "Dada, umeigeuza vibaya." Nimechoka kujibu. Siku hizi namwambia tu akae ale chipsi zake.

Niseme mapema ili tusisumbuane. Mimi nilitaka kitu kimoja: kulimaliza gemu lile, bosi wa mwisho, yule adui mkuu, aanguke, mama akiwa amekaa pembeni yangu, kabla mashine haijakata roho. Basi. Sikuomba gari wala kiwanja. Na aliyenizuia miaka yote hiyo hakuwa umeme, ingawa umeme nao nina kesi nao, wala hakuwa fundi. Alikuwa mama mwenyewe.

Nakaanga chipsi Mikumi, kando ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika kabla ya kuingia mbugani. Nyumbani ni Kilosa, kwa mama, upande ule ambao mto Mkondoa ukikasirika unakuja kukaa sebuleni na wewe. Mashine aliileta mjomba kutoka Dar nikiwa sijamaliza sekondari. Kwetu mjomba ana sauti kuliko baba, kwa hiyo alipoiweka mezani akasema, "Hii ni ya huyu binti," hakuna aliyebisha. Kaka zangu walinuna kimyakimya. Ilikuja na pedi moja ya kuchezea, memori kadi moja na sidii moja. Kwenye sidii hiyo kuna gemu la safari: kijana wa upanga anatoka kijijini kwao, anaokota wenzake njiani, wanapigana, wanalala, wanapigana tena, mpaka mwisho wa dunia. Na maandishi yote ni ya Kijapani. Hata herufi moja ya kushikilia hakuna.

Nilijifunza kwa kupapasa. Mstari wa kwanza ni kupiga, wa pili dawa, wa mwisho kabisa kukimbia. Mpaka nije kulijua hilo nilikuwa nimeshauza upanga nikidhani nanunua mwingine, na nimeshakunywa sumu nikidhani ni dawa. Siku moja nilitembea saa nzima na mwenzetu aliyekuwa amegeuzwa chura, nikidhani ndivyo alivyozaliwa. Jamani, lile gemu lilinitesa. Sijui kwa nini sikulitupa mtoni. Labda kwa sababu ndilo pekee nililokuwa nalo, au kwa sababu ya muziki wa kijiji cha pili, ambao mpaka leo nauimba puani nikigeuza viazi, na wateja wanafikiri ni wimbo wa kanisani.

Mama alianza kulitazama akiwa amekuja kunigombeza. Alisimama mlangoni na ungo wake mkononi, tayari kuniambia nizime hilo dude nikatwange, akaona kijana wangu anaingia kwenye nyumba.

"Huyo mtoto kaingia kwa nani?"

"Sijui, mama. Kwa watu."

"Mbona hajapiga hodi?"

"Ni gemu, mama."

"Gemu ndiyo halina adabu? Haya, na hilo kabati analofungua ni la mama yake?"

Ilikuwa kabati la watu, na ndani yake kulikuwa na chupa ya dawa, nikaichukua. Ndivyo gemu linavyochezwa. Mama akapiga kelele kwamba amezaa mwizi. Akaweka ungo chini, akakaa kwenye kigoda, eti anisimamie nisiibe zaidi. Hakuinuka mpaka jioni.

Kuanzia hapo sikuwa na amani. Mama alizaliwa Lumuma, kule milimani, akasomeshwa shule ya misheni, na kwake salamu si jambo la mchezo hata kama ni mchezo. Pembeni ya kisima cha kijiji cha kwanza amekaa kibabu, mchoro mdogo wenye ndevu nyeupe. Nikampita. "Umempita mzee," mama akasema. Nikarudi, nikabonyeza, kibabu kikatoa mistari yake ya Kijapani. "Marahaba," mama akasema kwa niaba yake, akaridhika. Baada ya hapo ikawa sheria: hatuondoki kijijini mpaka kila mwenye mvi amesalimiwa. Sasa niambie, kijiji cha tatu kina wazee wamejaa kama wako kwenye foleni ya maji, mmoja yuko juu ya dari, mwingine nyuma ya zizi, na njia ya kwenda zizini imejaa popo wanaokuvamia kila hatua. Napigana na popo nusu saa nikamsalimie mzee wa zizi. Nikimaliza mama ananiuliza, "Na mkewe?"

Akawapa wote undugu. Yule mwenye kilemba anayetangulia mbele na kuamuaamua mambo alikuwa mjomba wa kijana, hilo halikuwa na mjadala. Msichana wa fimbo alikuwa binti wa huyo mjomba, na mama alishampangia kijana amwoe. Halafu akatokea yule wa koti la njano.

Ana koti refu la njano na kofia pana kama ungo. Anatokea mahali popote, hata pale ambapo kijana amelala chini ya mti na wenzake. Anachukua kijiwe cha bluu ambacho umekihangaikia nusu ya gemu, anatikisa mabega, anatoweka. Kule kutikisa mabega ndiyo kucheka kwenyewe, maana gemu la zamani hilo, watu wake hawana sauti, hata midomo hawana. Mimi nilipandwa na hasira nikamwita mshenzi. Mama alipiga makofi.

"Ha! Huyo ni mtani wake!"

"Mtani gani, mama? Huyo ni adui."

"Adui gani anakukuta umelala, ana panga, anachukua kijiwe anakuacha? Adui angemchinja pale pale. Mwone anavyomcheka. Huyo mtani."

Kweli, kwa nini hakumchinja?

Na mama alikuwa anajua anachosema, kwa sababu wa kwake alikuwa anapita kila asubuhi. Mtani wa mama alikuwa mzee wa Kiislamu wa pale pale mtaani, analima mahindi na mpunga huko bondeni. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu, yaani kutukanana ruhusa, kunyang'anyana ruhusa, kukasirika marufuku. Anasimama kwenye uzio na jembe lake begani. "We mchawi! Hujafa tu?" Mama anajibu kutoka jikoni, "Nife, halafu mboga utaiba kwa nani?" Basi siku imeanza. Mimi nikimpa shikamoo ananiitikia vizuri, marahaba mwanangu, halafu anageuka anachukua kifuniko cha sufuria kwenye kichanja, anaondoka nacho. Kile kifuniko hakikurudi. Tulikuwa tunafunikia wali sahani.

Siku moja alichukua pedi. Nilikuwa nimeiweka dirishani nimetoka kuifuta, naye akapita. Akaivaa shingoni kwa waya wake, akaenda nayo sokoni akiwaambia watu yeye ni daktari. Akawa anawawekea wauza nyanya kifuani, anafunga macho, anawaambia, "Wewe moyo wako umejaa deni." Soko zima likavunjika mbavu, mimi nikalia kwa hasira kama mtoto mdogo. Nilikuwa nimefika mbali kwenye gemu, na pedi ni hiyo moja. Mama akanitazama tu. "Ni mtani wangu, nitamfanya nini?" Akairudisha alipopewa jogoo, na jogoo akamchinja mwenyewe, kwa sababu alisema hakiamini kisu cha mchawi wa Kianglikana. Mguu wa jogoo akamletea mama.

Kwa hiyo nilipofika mwisho wa gemu kwa mara ya kwanza nilikuwa nimebeba mzigo huu wote bila kujua. Chumba cha mwisho ni ngazi ndefu. Unasevu chini ya ngazi, mashine ikumbuke ulipofika, na juu amesimama yeye, koti la njano. Mama alikuwa anachambua mchele.

"Sasa unapanda kwenda kumfanya nini?"

"Namuua, gemu liishe."

Akaacha kuchambua. "Huyo humuui."

"Mama, ndio mwisho wenyewe, hakuna njia nyingine."

"Humuui ndani ya nyumba yangu. Mtu gani mwenye akili anamuua mtani wake? Siku kijana akifa, nani atakuja kufanya vituko msibani kwake? Atazikwa na nani?"

Nilizima. Nilitoka nje nikazunguka nyumba, nikarudi, nikazunguka tena.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba hatukuliacha. Tulilianza upya. Hodi, salamu, popo, mzee wa zizi na mkewe, mpaka chini ya ngazi. Nasevu, nazima. Baada ya miezi tunaanza tena. Nimelicheza gemu hilo kuliko nilivyosoma kitabu chochote, na mwisho wake siujui. Wakati wa mafuriko tulitoa mashine kabla ya magodoro. Ndoa yangu ilipovunjika nikarudi Kilosa na begi moja, mama hakuniuliza neno. Alinipikia uji, akasubiri ninywe, akasema, "Hebu washa, tukawasalimu wale." Tuliwasalimu wote mpaka giza likaingia, na kwa mara ya kwanza tangu nimetoka kwa yule mwanaume niliweza kuvuta pumzi. Kwa hiyo mtu akiniambia ni gemu la kizee, picha zake za pembe pembe, kijana ana mikono kama vibiriti, namwacha aseme. Najua. Nina macho.

Kuna wakati nilichoka, nikaibeba mashine hadi Mikumi nimalize mwenyewe. Nilipanda ngazi, nikampiga yule mtu pigo moja, akatikisa mabega. Nikajiona mjinga. Kumaliza pale chumbani, peke yangu, harufu ya mafuta ya chipsi imenijaa, ilikuwa kama kuletewa pilau la harusi kwenye kontena. Wali ni ule ule, lakini harusi hukuiona. Nikachomoa waya. Nilimkasirikia mama kwa kunizuia, na nikajikasirikia mwenyewe kwa kumtii nikiwa mbali vile.

Mdogo wangu, aliyeolewa Ruhembe, alidhani amenipatia dawa. Alikuja Kilosa na simu yake mpya. "Dada, lile gemu lako wamelitoa upya. Kila kitu Kiingereza." Tukaliwasha. Jamani, uzuri ule! Watu wana midomo, wana kope, maji yanang'aa. Mama akavaa miwani akasogea.

"Hawa ni kina nani?"

"Ni wale wale, mama."

"Si wale. Wale nawajua."

Mdogo wangu akamkimbizia mpaka sehemu ya koti la njano. Sasa ana sauti, tena nzito, na anaeleza. Alizaliwa yatima, alionewa, dunia ilimkosea, anaeleza na muziki wa huzuni nyuma. Mama akaniambia nimtafsirie. Nikatafsiri kidogo. "Zima," akasema. "Mtani gani analalamika hivi?" Mdogo wangu akanuna, akasema sisi wawili hatufai. Na mimi, niseme ukweli wangu, nilifurahi kuirudia mashine yangu iliyobinuka.

Lakini mashine ilikuwa inakufa. Fundi wa redio pale Mikumi aliifungua, akaimulika, akaguna. "Lenzi imekwisha, dada. Kipuri hakuna. Inasoma kwa huruma tu, siku ikigoma imegoma." Akaniuliza kama anaweza kuchukua waya zake. Ningemrushia sabuni. Jumamosi hiyo nilikwenda Kilosa nimekaza uso.

"Mama, mashine inakufa. Nataka tumalize."

"Na ife. Hata mimi nitakufa."

"Mama, ni gemu! Yule mtu ni rangi tu, hana hata mdomo!"

"Mdomo hana, mabega anayo," akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji, na pipa lilikuwa limejaa.

Kisha mtani wa mama akafa. Ilikuwa masika, alishikwa na kifua, akapelekwa hospitali, hakurudi. Walinipigia simu nikiwa nimeshamenya viazi vya siku nzima. Nikaviacha kwenye maji, nikafunga banda. Nilipofika msibani nilimkuta mama amevaa kofia ya marehemu na mabuti yake ya shambani, jembe begani, anakohoa kama alivyokuwa anakohoa yeye. Anawafokea waombolezaji kwamba wanakula sana. Anamwuliza mjane kama ameshapata mchumba. Watu wanalia, wanacheka, wanalia. Wanaume walipotaka kutoka na jeneza, alisimama mlangoni akatanua mikono.

"Hatoki! Ana kifuniko changu cha sufuria! Hatoki mpaka kirudi!"

Hata shehe aliinamisha uso kuficha kicheko. Watu wakakimbilia jikoni, wakarudi na kifuniko. Sijui kama kilikuwa chetu. Mama akakigeuza, akakikagua, akasema, "Haya, nenda, mwizi," akapisha njia. Jeneza lilipopotea kwenye kona alikaa chini pale pale mlangoni, kifuniko mapajani, na mabuti makubwa yakiwa yamemtoka nusu.

Baada ya hapo mama akanyamaza. Si kununa, si kuumwa. Asubuhi anakaa jikoni muda ule ule, anachelewesha kuosha vyombo, anatazama uzio. Hakuna anayemwita mchawi. Nilikuwa nampigia kila siku. "Mama, umeamkaje?" "Nimeamka." "Umekula?" "Nimekula." Mama huyu, ambaye ukimuuliza kama amekula alikuwa anakuambia amekula majirani! Roho iliniuma, na sikujua nimfanyie nini. Habari za gemu nikaziacha. Ningeanzaje kumwambia mtu aliyetoka kumzika mtani wake kwamba nataka kumuua mwingine?

Ni yeye aliyeanza. Alinipigia katikati ya wateja. "Jumapili njoo na lile dude."

"Dude gani, mama?"

"La popo. Njoo tumalize."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Wewe si ulikataa? Ulisema kijana atazikwa na nani."

"Nilisema. Sasa nimezika mimi, nimeona mtu anaweza. Na yeye amzike wa kwake, yaishe, tupumzike." Akakata simu.

Nilichotaka miaka yote nimepewa, na nikasimama pale na kijiko cha chipsi mkononi nimekasirika. Sikukitaka kwa sauti ile. Viazi vikaungua.

Jumapili baada ya ibada nikaipanga mashine. Nikaibinua, sabuni juu, nikaipiga TV ya kichogo kofi lake la kawaida pembeni mpaka rangi zikatulia. Sidii ikakwaruza, ikakwama, ikasoma. Tukaamka chini ya ngazi, pale pale tulipoacha.

"Tumewaaga wazee?" mama akauliza.

"Mama, tuko mwisho wa dunia! Vijiji viko huko nyuma kabisa!"

"Hatuendi kwenye msiba bila kuwaambia watu."

Nilimtazama. Hakuwa anatania. Uso wake ulikuwa umekauka kama nilivyouzoea wiki zote zile, na sikuweza kumkatalia uso huo. Nikageuza. Tukashuka mapango yote, tukavuka maji, tukapita msitu wa chura, kijiji kwa kijiji, kibabu kwa kibabu. Nabonyeza, anasema mistari yake. Mama haitikii marahaba leo, anatikisa kichwa tu. Na njiani ni vita, vita, vita. Chupa za dawa nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya bosi zikaanza kwisha, moja kwenye popo wa zizi, nyingine kwa yule mke wa mzee wa zizi ambaye siku zote lazima aulizwe. Mashine ikapata moto mpaka sabuni ikaanza kulainika. Nilikuwa nasaga meno. Nilisema moyoni, mama, mama, mama, utaniua wewe kabla sijamuua huyu.

Alasiri tukarudi chini ya ngazi. Nikasevu. Tukapanda.

Alikuwa pale, koti la njano, ametulia. Mama akaondoka kwenye kigoda akasimama, akafunga kanga vizuri kiunoni kama anavyofunga makaburini. Nikapiga. Kijana anapiga, msichana anatibu, mjomba anawasha moto wake. Tulipigana vizuri, sijawahi kucheza vizuri kama siku ile. Dawa ikabaki chupa moja. Na yule mtu akapiga magoti, kofia ikaanguka, skrini yote ikawa nyeupe.

"Nimemaliza!" Nilipiga ukelele. Niliruka, nikagonga meza. "Mama, nimemaliza!"

Mama alikuwa ameinamisha kichwa.

Weupe ukaondoka. Na chini pale, kwenye lile koti la njano, mabega yakatikisika.

Halafu akainuka. Akainuka mkubwa, akajaza skrini, kofia imekuwa pana kama paa la kanisa, mikono imekuwa sita. Miaka yote hiyo, na hakuna mtu duniani aliyewahi kuniambia kwamba anaamka! Au waliniambia, kwa Kijapani. Nikatafuta dawa, nina moja. Akapuliza mara moja tu, mjomba chini, msichana chini. Kijana akasimama peke yake na vimkono vyake vya kibiriti, akapulizwa, naye chini. Giza. Maandishi mekundu ambayo sihitaji kutafsiriwa.

"Tena," nikasema. "Tunarudia. Sasa hivi."

Mashine ikasema krr. Krr. Ikanyamaza. Nikaizima, nikaiwasha. Nikabadilisha sabuni, nikaweka mbili, nikaipulizia, nikaigeuza ilivyotengenezwa, nikaibinua tena. Taa yake ndogo ikawaka, ikafifia, ikazimika. Nikaipiga kofi. Nikairusha pedi ukutani. Nililia, sioni haya kusema, nililia kwa hasira, nikamtukana fundi na lenzi yake, na umeme, na Wajapani wote.

"Kama si wale wazee wako, mama! Dawa zote nimemalizia kwa wazee! Ningekuwa na dawa, ningemmaliza!"

Mama alikuwa amenipa mgongo, kanga imeziba uso, na mabega yanamtikisika. Nikashtuka. Nilijua nimemliza. Nikamshika mkono, "Mama, nisamehe, basi," akageuka, na hakuwa analia. Alikuwa anacheka mpaka pumzi inamwishia. Alikuwa ananisukuma nimpishe aione TV, ile TV nyeusi isiyo na kitu, akainyoshea kidole.

"We mchawi!" akamwambia. "Hujafa tu?"

Nikamwambia mimi sicheki, mashine imekufa, hatutaujua mwisho maisha yetu yote. Alijikokota kwenda jikoni akishika mbavu, nikamsikia huko anamtukana yule mtu, mwizi, mshenzi, kofia kama ungo, huku anagongagonga sufuria za chakula cha jioni. Mimi nilibaki sebuleni na sabuni imeniyeyukia mkononi, nimekasirika, na mpaka leo nimekasirika.